GNU Radio, MATLAB au Python: kipi kitakufaa kuiga demodulesheni ya mawimbi

Mwanafunzi wa uhandisi wa mawasiliano akifika mwaka wa mwisho, awe Masinde Muliro pale Kakamega au chuo kingine, hana budi kuamua atumie programu gani, GNU Radio, MATLAB au Python, kuiga demodulesheni ya kipokezi cha redio, yaani ile kazi ya kulipokea wimbi lililochakaa njiani na kulitoa biti zake. Kwa kawaida hutazama waliomtangulia walitumia nini, naye akafuata. Ndiyo sababu miradi mingi hukwama karibu na siku ya kuwasilishwa: programu yenyewe haina ubaya, ila haikutengenezwa kwa kazi ile.

Maswali mawili ndiyo yanayoamua. Sampuli utakazozichakata zinatoka wapi: utazitengeneza mwenyewe kwa hesabu, au zitanaswa na antena? Na unachunguza sehemu gani ya kipokezi: uamuzi wa biti, ulandanishi (kuoanisha kipokezi na kirushi) wa fezi na saa, au kiwango kizima cha mawasiliano kama LTE (4G ya simu) na Wi-Fi?

ns-3 iweke kando kwanza

ns-3 na OMNeT++, programu za kuiga mitandao, hutajwa sana kwenye mapendekezo ya miradi, na kwa demodulesheni hazifai. ns-3 huhesabu pakiti. Pakiti ikifika, programu hutazama uwiano wa nguvu ya wimbi na kelele, hutumia mlinganyo au jedwali la makosa, kisha hupiga kura ya nasibu kuamua kama pakiti imepokelewa. Hakuna wimbi lililoundwa, hakuna kichujio, hakuna fezi ya kurekebishwa. Ukitaka kujua simu na laptopu za hosteli nzima zitagombania chaneli moja ya Wi-Fi vipi, ns-3 ndiyo chombo chako. Lakini ukiandika kwamba utaiga demodulesheni ya 16-QAM (biti nne kwa kila alama ya wimbi) kwa ns-3, mtahini anayeijua kazi atakuuliza nukta za konstelesheni, yaani mchoro wa alama, ziko wapi, na hutakuwa na cha kumwonyesha.

Mtihani mmoja kwa programu zote

Kabla ya kusifu au kulaumu programu yoyote, ipe kazi ambayo jibu lake linajulikana: BPSK (biti moja kwa kila alama, kwa kugeuza fezi ya wimbi) kwenye kelele ya Gauss. Nadharia inatoa kiwango hiki cha makosa ya biti kwa kila Eb/N0, yaani uwiano wa nishati ya biti moja na kelele:

| Eb/N0 (desibeli) | Kiwango cha makosa |
|---|---|
| 0 | 0.0786 |
| 4 | 0.0125 |
| 6 | 0.0024 |
| 8 | 0.00019 |
| 10 | 0.0000039 |

QPSK (fezi nne, biti mbili kwa kila alama) yenye mpangilio wa Gray, ambamo alama jirani hutofautiana biti moja tu, inatoa namba hizi hizi. Kwa kila nukta ya grafu, endelea kutuma biti hadi uhesabu makosa 100 au zaidi. Hapo mkengeuko wa kipimo chako ni takriban asilimia 10. Maana yake, kwenye desibeli 8 unahitaji biti kama 525,000, na kwenye desibeli 10 biti milioni 26 hivi. Ukipima desibeli 10 kwa biti 100,000 pekee, uwezekano mkubwa ni kwamba hutaona kosa hata moja, na grafu itakatika ghafla kana kwamba kipokezi chako kimeishinda nadharia.

Kila programu ina shimo lake kwenye kelele, na mashimo hayo yanatofautiana kiasi kwamba ukiuona mkunjo umesogea unaweza kubahatisha ulikotoka.

Kwenye Python, wengi huandika kelele changamano kama jumla ya `randn` (namba nasibu za Gauss) mbili, moja halisi na moja ya sehemu ya kufikirika, bila kugawanya kwa mzizi wa 2. Nguvu ya kelele inakuwa maradufu na mkunjo unasogea kulia kwa desibeli 3. Kosa hili angalau ni la heri, kwa sababu matokeo mabaya humfanya mtu atafute sababu.

Kwenye MATLAB kosa huelekea upande wa pili, nalo ni hatari zaidi. Amri ya `awgn`, usipoiambia vingine, huchukulia kuwa nguvu ya wimbi lako ni desibeli 0 za wati, yaani wati 1. Nayo `qammod` ya 16-QAM, usipoweka `UnitAveragePower`, hutoa wimbi lenye wastani wa nguvu 10. Kelele inaongezwa kidogo kuliko ulivyodhani, tofauti ya desibeli 10 nzima, na kipokezi kinaonekana bora kuliko fizikia inavyoruhusu. Weka `UnitAveragePower` iwe kweli, au mwagize `awgn` apime nguvu mwenyewe kwa neno `measured`.

Kwenye GNU Radio, ambako kipokezi huundwa kwa kuunganisha visanduku, kile cha Channel Model hakiulizi desibeli. Kinaomba volti ya kelele, yaani mzizi wa nguvu, na hesabu ni juu yako. Chukua QPSK yenye biti 2 kwa kila alama, sampuli 4 kwa kila alama, nguvu ya wimbi 1, na Eb/N0 ya desibeli 10. Nguvu ya kelele ni 4 ukigawanya kwa 2 mara 10, yaani 0.2, volti yake ni 0.447. Usiamini tu kwamba nguvu ya wimbi lako ni 1. Lipitishe kwenye Complex to Mag^2 na kisanduku cha wastani, usome namba yenyewe.

Ile 4 ya sampuli kwa alama ndiyo inayosahaulika kuliko kitu chochote katika programu zote tatu. Kelele hutandaa kwenye upana wote wa sampuli, kisha kichujio cha kipokezi huikata. Usipoiweka kwenye hesabu, unapotea kwa desibeli 6.

Python: unapotaka kuona kila hatua

NumPy, SciPy na Matplotlib kwa pamoja ni chini ya megabaiti 100 za kupakua, jambo lenye uzito kwa anayenunua bando la siku. Hakuna leseni, na inafanya kazi kwenye laptopu yenye RAM ya gigabaiti 4 ukiwa na nidhamu ya kumbukumbu. Nidhamu hiyo ni lazima: biti milioni 10 za QPSK kwa sampuli 4 ni sampuli milioni 20, na kila sampuli ya `complex128` hula baiti 16. Safu moja tu ni megabaiti 320. Ukiwa na wimbi, kelele, wimbi lililochafuka na lililochujwa, umeshapita gigabaiti na mashine inaanza kusota. Gawa kazi katika vipande vya biti 100,000, hesabu makosa, tupa, endelea. Ukitumia `complex64` unakata nusu nyingine.

Upungufu wake ni kwamba SciPy haina kichujio cha mzizi wa kosaini iliyoinuliwa (root raised cosine), ambacho ndicho kichujio cha kawaida cha modemu. Utauandika mlinganyo mwenyewe, na mlinganyo huo una sehemu tatu ambapo unagawanya kwa sifuri: wakati 0, na wakati wa chanya au hasi ya kipindi cha alama kilichogawanywa kwa mara nne ya kigezo cha mwinamo (roll-off). Usiposhughulikia sehemu hizo, utapata `nan` moja katikati ya kichujio, nayo itaenea kwenye wimbi lote.

Tatizo kubwa la Python ni kasi, lakini si kila mahali. Kuchuja, kuongeza kelele na kuamua biti hufanyika kwa safu nzima mara moja, na NumPy hapo haiachwi mbali na yeyote. Ulandanishi ndio unaoiumiza. Kitanzi cha Costas, kinachofuata na kurekebisha fezi ya wimbi, kinahitaji jibu la sampuli iliyotangulia kabla ya kuichakata inayofuata, kwa hiyo huwezi kukwepa `for`. Numba, maktaba ya Python, ndiyo dawa: weka `@njit` juu ya kazi hiyo na kitanzi kitageuzwa kuwa msimbo wa mashine. Bila Numba, usijaribu kuchora mkunjo wa makosa wa kipokezi chenye ulandanishi kamili.

MATLAB: unapotaka kiwango kizima, na chuo kina leseni

Kwa mradi wa LTE, 5G au Wi-Fi wenye kipokezi kamili, hakuna kinachoikaribia MATLAB kwa urahisi. Kipokezi cha 802.11a, toleo mojawapo la Wi-Fi, kina FFT ya 64, vibebaji 48 vya data na 4 vya rubani, kiambishi cha mzunguko (nakala ya mwisho wa alama inayowekwa mwanzoni mwake) cha sampuli 16, msimbo wa konvolusheni, ufumaji wa biti na kadhalika. Kukiandika chote kutoka mwanzo ni kazi ya muhula. Boksi (toolbox) la WLAN, yaani Wi-Fi, linakupa wimbi lililo sahihi kwa kiwango na kipokezi cha kulinganisha nacho. Ukitaka kubadilisha sehemu moja tu, kama vile makadirio ya chaneli, unaiondoa ya kwao na kuweka yako. Visanduku vya ulandanishi navyo, `comm.CarrierSynchronizer` na `comm.SymbolSynchronizer`, vimeshaandikwa na vina kasi.

Ila mabokisi haya yanategemeana. Lile la LTE halifanyi kazi bila la mawasiliano, nalo la mawasiliano linadai la uchakataji wa mawimbi. Kabla ya kuandika pendekezo, fungua MATLAB ya maabara yenu, andika `ver`, uone kilichopo hasa. Leseni ya chuo inaweza kuwa na MATLAB yenyewe na isiwe na boksi hata moja unalolihitaji. Majaribio ya siku 30 yapo, lakini mradi wa miezi sita hauwezi kusimamia hapo. Upakuaji ni gigabaiti kadhaa. Fanyia chuoni, si kwa bando la simu.

Wengine hukimbilia Octave wakidhani ni MATLAB ya bure. Kwa BPSK na QAM za kawaida kifurushi chake cha `communications` kinatosha, baada ya `pkg load communications`. Kwa vitu vinavyoanza na `comm.` na kwa LTE hakitakusaidia, na hati (script) uliyopewa na mwenzako itakufa mstari wa kwanza. Kama huna leseni ya MATLAB, ni afadhali uhamie Python moja kwa moja kuliko kukaa Octave ukisubiri kisichokuja.

GNU Radio: mawimbi yanapotoka kwenye antena

GNU Radio ilianza mwaka 2001 ikiwa chombo cha redio zinazoendeshwa kwa programu, na uigaji ni kazi yake ya pili. Nguvu yake ni kwamba mchoro ule ule wa visanduku uliouigia unaweza kuupokelea mawimbi halisi: unaondoa chanzo cha hesabu, unaweka cha antena. Visanduku vyake vimeandikwa kwa C++ na kitanzi cha Costas hakiichoshi. Ubuntu 22.04 inakuja na toleo la 3.10 kwenye hazina yake, na `sudo apt install gnuradio` inatosha. Kwenye Windows tumia kisakinishi cha radioconda. Miongozo ya zamani iliyoandikwa kwa toleo la 3.7 iepuke, kwa sababu 3.8 ya mwaka 2019 ilibadilisha muundo wa faili za michoro ikahamia Python 3, na moduli za nje za 3.7 hazijengeki tena bila kuandikwa upya.

Mnyororo wa QPSK unaofanya kazi huanza na Random Source, ukafuata Constellation Modulator yenye sampuli 4 kwa alama na ziada ya upana 0.35, kisha Channel Model, Polyphase Clock Sync yenye vichujio 32, Costas Loop ya daraja la 4 yenye upana wa kitanzi 0.0628, Constellation Decoder na Differential Decoder. Kwenye Random Source weka kikomo cha juu 256. Ukiweka 2 ukidhani unatuma biti, moduleta inazichukulia kama baiti, na biti saba kati ya nane zitakuwa sifuri daima. Konstelesheni itaonekana sawa kabisa, ndiyo maana kosa hilo hukaa sana bila kugunduliwa.

Differential Decoder usiiondoe ukidhani ni pambo. Kitanzi cha Costas cha QPSK kinaweza kutulia kwenye fezi yoyote kati ya nne. Kikitulia nyuzi 90 pembeni, kila alama inakuwa na biti moja isiyo sahihi na kiwango cha makosa ni 0.5, kikitulia nyuzi 180, biti zote zimegeuzwa. Usimbaji wa tofauti hutatua hili kwa gharama ya makosa kama maradufu, kwa sababu alama moja iliyokosewa huharibu maamuzi mawili. Kwa hiyo mkunjo wako hautagusa jedwali la juu, na hilo si kasoro.

Throttle ni kisanduku kingine kinachochanganya watu. Kinahitajika ukitazama grafu kwenye skrini bila kifaa cha redio, la sivyo programu hukimbia kwa nguvu zote za CPU na skrini inaganda. Ukiunganisha antena kiondoe, maana kifaa chenyewe ndicho kinachotoa mwendo. Na ukihesabu makosa, kiondoe pia pamoja na grafu zote, weka kisanduku cha Head ili mchoro usimame wenyewe, andika biti kwenye faili, ukazilinganishe kwa NumPy. Kuhesabu makosa ndani ya GNU Radio ni usumbufu: vichujio na vitanzi huchelewesha biti, na kutafuta ucheleweshaji kwa kubahatisha kwenye Delay kunachosha. NumPy huupata kwa uhusiano-mtambuka (cross-correlation) mara moja. Ukiona kiwango cha makosa kimeganda kwenye 0.5 hata bila kelele, shuku ucheleweshaji kabla ya kushuku kitu kingine.

Masafa yaliyoteleza

Hapa programu tatu zinalinganishika vizuri. Kifaa cha RTL-SDR (kipokezi kidogo cha redio cha USB) kisicho na kristali iliyotulizwa kwa joto kinaweza kuteleza sehemu 20 kwa milioni. Kwenye megaherzi 900 hiyo ni kiloherzi 18, mbali mno kwa kitanzi cha Costas kuikamata chenyewe. Inahitajika hatua ya mwanzo ya kukadiria. MATLAB ina `comm.CoarseFrequencyCompensator`. GNU Radio ina FLL Band-Edge, inayowekwa kabla ya ulandanishi wa saa. Kwenye Python unaandika mistari mitatu: pandisha wimbi la QPSK kwa kipeo cha nne, chukua FFT, tafuta kilele, gawanya kwa nne. Ya Python ndiyo inayofundisha zaidi, na ndiyo nyepesi kueleza mbele ya mtahini.

Ziwa, mteremko na matatu

Kelele ya Gauss pekee haielezi njia halisi. Matatu inayokwenda kilomita 80 kwa saa kwenye barabara ya Nakuru hadi Eldoret, ikitumia simu ya megaherzi 1800, ina Dopla (masafa kusogea kwa sababu ya mwendo) ya herzi 133 hivi. Wimbi linalokatiza Ghuba ya Winam lina mstari wa moja kwa moja pamoja na mwakisiko wa maji, kwa hiyo mfano wa Rice ni wa haki kuliko wa Rayleigh, usio na mstari huo. Mjini Nakuru, katikati ya majengo, Rayleigh inakubalika. Tofauti si ndogo: BPSK ya desibeli 10 kwenye Rayleigh ina makosa 0.023, na ya desibeli 20 bado ina 0.0025.

MATLAB ina `comm.RayleighChannel` na `comm.RicianChannel`. GNU Radio ina Fading Model yenye chaguo zote mbili, lakini Dopla yake hugawanywa kwa kasi ya sampuli, si ya alama: herzi 133 kwenye sampuli milioni 1 kwa sekunde ni 0.000133. Python utaandika mwenyewe. Na ile kanuni ya makosa 100 haitoshi tena, kwa sababu makosa huja kwa mafungu wimbi linapozama. Sampuli 100,000 kwa kasi hiyo ni sehemu ya kumi ya sekunde, ambamo mzunguko wa Dopla haufiki 14. Pima kwa idadi ya mizamo, si ya makosa.

Wanaoshughulikia OFDM, mbinu ya Wi-Fi na LTE ya kugawa data kwenye vibebaji vingi, wakumbuke kwamba kiambishi cha Wi-Fi cha mikrosekunde 0.8 kinavumilia tofauti ya njia ya mita 240 tu. Cha LTE cha mikrosekunde 4.7 kinafika kama kilomita 1.4. Ukiiga mwakisiko kutoka mteremko wa Nandi kwa Wi-Fi ya masafa marefu, usishangae alama zikiingiliana hata kelele ikiwa sifuri.

Sampuli za hewani, hadi wapi

RTL-SDR hutoa sampuli za biti 8, kwa usalama hadi milioni 2.4 kwa sekunde. Ukizihifadhi kama zilivyo ni megabaiti 288 kwa dakika; ukiacha GNU Radio izihifadhi kama `complex64` ni gigabaiti 1.15 kwa dakika ile ile. Rekodi sekunde 10, si saa nzima.

Kwa anayeishi Kisumu, mawimbi bora ya kujifunzia ni ya ADS-B (ishara ambazo ndege hutangazia mahali zilipo) ya ndege zinazotua uwanja wa Kisumu: megaherzi 1090, biti milioni 1 kwa sekunde, dibaji ya mikrosekunde 8, ujumbe wa biti 112 ukiwa na ukaguzi wa makosa ndani yake. Hutumia nafasi ya mpigo, kwa hiyo huhitaji kulandanisha fezi, na programu ya dump1090 itakupa jibu la kulinganisha na lako. Mitandao ya simu ni jambo jingine. Ishara za ulandanishi za LTE zinasomeka kwa sampuli milioni 1.92 kwa sekunde na ni zoezi zuri, lakini kuvuka hapo kwenda kwenye mawasiliano ya watu kunagongana na Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, kinacholinda faragha. Kurusha wimbi kwenye masafa yanayohitaji leseni bila kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano pia ni kosa. Unganisha kirushi na kipokezi kwa waya wenye kipunguza nguvu cha desibeli 30 au zaidi.

Uchague kipi

Ukichora mikunjo ya makosa ya BPSK, QPSK na QAM, tumia Python, hata kama chuo kina MATLAB. Ukichunguza kipande kimoja cha LTE au Wi-Fi, tumia MATLAB iwapo `ver` imekuonyesha mabokisi yote. Isipoonyesha, punguza mradi uwe OFDM yako mwenyewe ya vibebaji 64 kwenye Python. Ukitaka kuonyesha kipokezi kikifanya kazi mezani mbele ya watahini, tumia GNU Radio, na uwe na faili ya sampuli iliyorekodiwa mapema, kwa maana stima ikipotea au antena ikikataa siku hiyo, laptopu yenye betri na File Source bado itaendesha mchoro. Hapo ndipo Throttle inarudi: File Source si kifaa cha redio.